Roma Kutoka Jamhuri Hadi Utawala wa Makaisari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Historia ya Roma hutufikia wengi wetu kwa vipande: kaisari anayetajwa kwenye Injili, Julius Caesar anayechomwa visu kwenye tamthilia ya shuleni, Cleopatra wa kwenye filamu. Kinachoviunganisha vipande hivi ni kisa cha miaka mia moja hivi, tangu 133 KK hadi 27 KK, ambamo dola lililojivunia kutokuwa na mfalme liliishia mikononi mwa mtu mmoja. Hapa nimejibu maswali yanayorudi mara nyingi. "Caesar" nimelitumia kwa Julius Caesar mwenyewe, na "kaisari" kwa cheo cha watawala waliokuja baada yake.

Jamhuri ya Roma ilikuwa utawala wa namna gani?

Warumi wenyewe walisimulia kwamba mwaka 509 KK walimfukuza mfalme wao wa mwisho, Tarquinius Superbus, wakaapa kutotawaliwa tena na mfalme. Tangu hapo, kumshutumu mwanasiasa kwamba anautaka ufalme kulitosha kumhatarishia maisha.

Madaraka yaligawanywa ili asitokee wa kuyahodhi. Makonsuli, yaani wakuu wa serikali na jeshi, walikuwa wawili, walichaguliwa kwa mwaka mmoja tu, na kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake. Seneti, yenye wajumbe wapatao 300, ilikuwa baraza la watu waliowahi kushika vyeo. Ilisimamia hazina na mambo ya nje, na ushauri wake haukupuuzwa kirahisi. Sheria zilipitishwa na mikutano ya raia. Walikuwepo pia matribuni 10, watetezi wa watu wa kawaida, wenye kura ya turufu dhidi ya karibu kila uamuzi wa serikali. Kumdhuru tribuni kulihesabiwa kuwa kosa mbele ya miungu. Hatari kubwa ikitokea aliteuliwa dikteta, naye alitakiwa kuachia ngazi ndani ya miezi sita.

Tusiipambe kupita kiasi. Wanawake na watumwa hawakupiga kura, na katika mkutano uliochagua makonsuli raia walipangwa kwa mali zao: matajiri walitangulia, na mara nyingi mshindi alishajulikana kabla zamu ya maskini haijafika. Wala hapakuwa na katiba iliyoandikwa. Mfumo wote ulisimama juu ya desturi za wahenga, na juu ya imani kwamba hakuna atakayethubutu kuzivunja.

Basi mambo yaliharibikia wapi?

Kwenye ushindi wenyewe. Mwaka 146 KK majeshi ya Roma yaliteketeza Carthage, katika Tunisia ya leo, na Corinth ya Ugiriki. Baada ya hapo hapakubaki dola la kuwatisha Warumi kwenye Bahari ya Mediterania. Fedha, watumwa na ardhi viliingia kwa wingi, na sehemu kubwa iliishia kwa familia chache.

Askari wa Kirumi kwa desturi alikuwa mkulima mwenye kishamba chake. Alikwenda vitani na kurudi kuvuna. Vita vya mbali, hasa vya Hispania, vikaanza kumshikilia huko miaka mfululizo. Waandishi wa kale wanasema mashamba ya watu hawa yalimezwa na matajiri waliolima kwa watumwa. Wanaakiolojia wamebaini kwamba wakulima wadogo hawakutoweka kila mahali kwa kiasi hicho, lakini kilio cha ardhi kilikuwa cha kweli, na wanasiasa walikisikia.

Kwa nini kifo cha Tiberius Gracchus kinahesabiwa kuwa mwanzo wa anguko?

Tiberius Gracchus alikuwa tribuni mwaka 133 KK. Alitaka kikomo cha zamani kitiliwe nguvu: mtu asishikilie zaidi ya iugera 500 za ardhi ya umma, yaani kama hekta 125, na kinachozidi wagawiwe raia wasio na kitu. Tribuni mwenzake, Marcus Octavius, akaweka kura ya turufu. Gracchus akawaomba raia wamvue mwenzake cheo, jambo ambalo halikuwa na mfano. Kisha akataka mali ya Attalus III, mfalme wa Pergamon aliyeirithisha Roma ufalme wake, itumike kugharimia mpango huo, ingawa mambo ya fedha yalikuwa ya Seneti. Mwisho akagombea kipindi cha pili mfululizo.

Siku ya uchaguzi kundi la maseneta lilipanda kilima cha Capitolium likiongozwa na kuhani mkuu, Scipio Nasica, aliyejifunika kichwani toga, joho la raia wa Kirumi. Walivunja miguu ya mabenchi wakaigeuza marungu. Tribuni aliuawa, na pamoja naye watu zaidi ya 300, kwa magongo na mawe. Maiti zilitupwa katika mto Tiber usiku huohuo. Ndugu yake aliomba auzike mwili, akakataliwa.

Gracchus alikuwa amevunja desturi, hilo halifichiki. Ila kati ya kumvua mtu cheo kwa kura na kumpasua mtu kichwa kwa mguu wa benchi kuna tofauti kubwa, na waliovuka mstari huo ni wale waliojiita walinzi wa desturi. Miaka 12 baadaye, 121 KK, ikawa zamu ya mdogo wake, Gaius. Safari hii Seneti ilipitisha agizo la dharura, konsuli Opimius akaleta askari, na waliokufa wanatajwa kufikia 3,000. Kuanzia hapo kila mwanasiasa wa Roma alijua kwamba mabishano ya siasa yanaweza kumalizwa kwa damu na waliomwaga damu wakabaki na vyeo vyao.

Marius alibadilisha nini jeshini?

Gaius Marius, konsuli wa mwaka 107 KK, alipokea jeshini watu wasio na mali yoyote. Kiwango cha mali kilichotakiwa kwa askari kilikuwa kimeshushwa kabla yake, kwa hiyo hakuanza mwanzo kabisa. Lakini yeye aliufungua mlango wazi, na walioingia walikuwa wengi. Alishinda vita, akachaguliwa konsuli mara saba, tano kati ya hizo mfululizo, toka 104 hadi 100 KK.

Hapa ndipo ninapouona mzizi wa jambo lote. Askari mwenye shamba, vita vikiisha, anarudi shambani. Askari asiye na kitu anarudi wapi? Jamhuri haikuwa na pensheni wala utaratibu wa kudumu wa kumgawia ardhi. Aliyeweza kumpatia ni jenerali wake, kwa kuisukuma sheria ya ardhi mjini Roma au kwa kuipora. Seneti ilikuwa na nafasi ya kulimaliza tatizo hili kwa karibu miaka 80, na kila mara ilikataa, ama kwa ubahili ama kwa hofu ya kumpa sifa jenerali fulani. Utii wa askari ukahama taratibu kutoka kwa jamhuri hadi kwa mtu anayewalisha.

Sulla ni nani?

Ndiye wa kwanza kuuteka mji wa Roma kwa jeshi la Warumi. Mwaka 88 KK alikuwa konsuli na amepewa vita dhidi ya mfalme Mithridates wa Pontus. Mkutano wa raia ukamnyang'anya uongozi huo na kumpa Marius. Sulla akawaendea askari wake huko Nola na kuwaeleza. Maofisa wake wote walimkimbia isipokuwa mmoja, lakini askari wa kawaida, lejioni sita, yaani vikosi vya maelfu ya askari kila kimoja, walimfuata, maana waliogopa kwamba ngawira za mashariki zitakwenda kwa wengine.

Aliporudi toka mashariki alishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, akajifanya dikteta bila kikomo cha muda mnamo 82 KK, akabandika hadharani orodha za watu wanaopaswa kufa. Aliyeleta kichwa alilipwa, na mali ya marehemu ilinadiwa. Wapo walioingizwa kwenye orodha kwa ajili ya nyumba zao nzuri tu. Aliongeza maseneta wakafika kama 600, akawapunguzia matribuni nguvu, kisha akajiuzulu kwa hiari na kufa mwaka 78 KK. Alidhani ameitengeneza jamhuri. Vijana waliokuwa wakimtazama, Pompeius na Crassus waliomtumikia na Caesar aliyenusurika kuuawa naye, walijifunza alivyofika, wakaviacha vizuizi alivyoweka.

"Mapatano ya watu watatu" yalikuwa nini?

Yalikuwa makubaliano ya faragha ya mwaka 60 KK kati ya Pompeius, Crassus na Caesar. Pompeius alikuwa amerudi toka mashariki mwaka 62 KK, akalivunja jeshi lake kama sheria ilivyotaka, na kuomba mawili: askari wake wapewe ardhi, na mipango aliyoiweka huko iidhinishwe. Seneti, seneta Cato akiwa mbele, ikamzungusha. Mtu aliyetii sheria alijibiwa hivyo, na akatafuta msaada kwingine.

Caesar alipokuwa konsuli mwaka 59 KK aliipitisha sheria ya ardhi kwa nguvu. Konsuli mwenzake, Bibulus, alimwagiwa kinyesi kichwani alipojaribu kupinga, akajifungia nyumbani mwaka mzima akitangaza kwamba ishara za mbinguni ni mbaya. Kisha Caesar akaenda Gaul, Ufaransa ya leo, ambako vita vya 58 hadi 50 KK vilimpa utajiri na jeshi lililomjua yeye kuliko lilivyoijua Seneti. Crassus aliuawa vitani Carrhae mwaka 53 KK, na wakabaki wawili.

Kwa nini Caesar alivuka Rubicon?

Rubicon ni kijito tu kaskazini mwa Italia, lakini ndicho kilichokuwa mpaka ambao liwali, mtawala wa jimbo, hakuruhusiwa kuuvuka akiwa na jeshi. Caesar alitaka kugombea ukonsuli akiwa bado kazini Gaul, kwa sababu akirudi kama raia wa kawaida adui zake wangempeleka mahakamani. Wao nao walitaka hasa hicho.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba Seneti yenyewe haikutaka vita. Desemba 50 KK maseneta walipiga kura kuhusu hoja kwamba Caesar na Pompeius wote waweke silaha chini: 370 wakaunga mkono, 22 wakapinga. Wale 22 ndio waliopata walichotaka, kwa kuwa konsuli Marcellus aliipuuza kura hiyo akamkabidhi Pompeius ulinzi wa Italia. Januari 49 KK matribuni waliomtetea Caesar walikimbia mji, naye akavuka na lejioni moja. Vita vilimalizwa Pharsalus mwaka 48 KK, Thapsus 46 na Munda 45.

Julius Caesar alikuwa kaisari wa kwanza?

Hapana. Alikuwa dikteta, na Februari 44 KK akawa dikteta wa maisha. Jina la ukoo wake ndilo lililogeuka cheo baadaye, kwa kupitia mrithi wake.

Kweli alisema "Nawe pia, Brutus?"

Maneno hayo ni ya Shakespeare, na wasomaji wengi wa Kiswahili wameyapata kupitia tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1963. Mwandishi wa wasifu Suetonius anaeleza kwamba Caesar alitoa mguno mmoja tu alipochomwa mara ya kwanza, anaongeza kwamba wapo waliodai alimwambia Brutus, mmoja wa wauaji wake, kwa Kigiriki, "Nawe pia, mwanangu?" Alichomwa mara 23, tarehe 15 Machi 44 KK, katika ukumbi uliojengwa na Pompeius. Kwa mujibu wa daktari aliyemkagua, jeraha moja tu, la kifuani, ndilo lililomuua. Wala njama walikuwa kama 60, na wengi wao walikuwa wamesamehewa au kupandishwa vyeo na Caesar.

Mbona kumuua hakukurudisha jamhuri?

Kwa sababu waliomuua walikuwa na mpango wa asubuhi ile na hawakuwa na mpango wa jioni yake. Waliamini dikteta akiondoka jamhuri itasimama yenyewe. Waliwasahau askari wastaafu wa Caesar, waliojazana Roma na Italia wakingoja ardhi waliyoahidiwa.

Kuna sarafu ya fedha ambayo Brutus aliitoa mwaka 43 au 42 KK kwa kulipa majeshi yake. Upande mmoja ina kofia aliyovaa mtumwa aliyeachwa huru, katikati ya majambia mawili, na chini yake tarehe ya mauaji kwa ufupi: EID MAR. Ukiigeuza unakuta uso wa Brutus. Caesar alikuwa amewakwaza watu kwa kuweka sura yake kwenye sarafu za Roma akiwa hai. Mtu aliyemuua kwa jina la uhuru naye akafanya vilevile, kwa vile alihitaji askari wajue ni nani anayewalipa. Sijaona ushahidi unaoeleza hali ya jamhuri wakati huo vizuri kuliko kipande hicho cha fedha.

Wakati huohuo alitokea kijana wa miaka 18, Octavianus, mjukuu wa dada yake Caesar, aliyefanywa mwana na mrithi katika wosia. Akawapa askari wa Caesar dinari 500, sarafu za fedha, kila mmoja, akajipatia jeshi bila kuwa na cheo chochote. Cicero, msemaji mkubwa wa jamhuri, alidhani ataweza kumtumia dhidi ya Marcus Antonius, jenerali wa Caesar, kisha amweke kando. Agosti 43 KK kijana huyo akaingia Roma na lejioni zake na kuuchukua ukonsuli kabla hajatimiza miaka 20. Novemba akaungana na Antonius na Lepidus, jenerali mwingine wa Caesar, na orodha za kifo zikarudi. Cicero aliuawa tarehe 7 Desemba. Kichwa chake kikatundikwa pamoja na mkono ulioandika hotuba dhidi ya Antonius, kwenye jukwaa alilozoea kuhutubia. Mwaka uliofuata Brutus na Cassius, mwenzake katika njama, walishindwa Filipi, mji ambao Paulo aliuandikia waraka karne moja baadaye, wakajiua.

Kisha ikaja zamu ya kulipa askari. Miji 18 ya Italia ilikuwa imetengwa, na wakulima wasio na kosa wakafukuzwa kwenye mashamba yao ili wastaafu wakae.

Antonius na Cleopatra wanaingia wapi?

Washirika watatu waligawana dola. Lepidus alivuliwa nguvu mwaka 36 KK. Antonius alishika mashariki, akaishi na Cleopatra, malkia wa Misri, na mwaka 34 KK akatangaza maeneo makubwa kuwa ya malkia huyo na watoto wake. Octavianus alilitumia hilo kwa ustadi: vita alivitangaza dhidi ya Cleopatra peke yake, ili visionekane kuwa vya Warumi kwa Warumi. Alishinda kwenye bahari ya Actium tarehe 2 Septemba 31 KK, na Alexandria ikaanguka mwaka uliofuata. Habari za mapenzi yao zina mvuto, lakini kilichoamua mustakabali wa Roma ni hazina ya Misri. Kwa mara ya kwanza mtu mmoja alikuwa na uwezo wa kuwalipa askari wote.

Augustus alifanya nini hasa mwaka 27 KK?

Tarehe 13 Januari Octavianus alisimama mbele ya Seneti akasema anarudisha kila kitu mikononi mwa Seneti na raia. Maseneta wakamsihi asiwaache. Akakubali kuchukua majimbo machache kwa miaka 10: Hispania, Gaul, Syria, pamoja na Misri. Ni majimbo yaliyokuwa na lejioni nyingi kuliko mengine. Tarehe 16 akapewa jina la Augustus, lenye maana ya mtukufu anayestahili heshima ya kidini.

Aliendelea kuwa konsuli kila mwaka hadi 23 KK, kisha akauacha ukonsuli na kupata kilicho bora zaidi: nguvu za tribuni kwa maisha yake yote, bila kuwa tribuni. Kwa hizo aliweza kuitisha Seneti, kupeleka miswada kwa raia na kuweka kura ya turufu, na mwili wake ukawa haugusiki. Akapewa pia amri iliyo juu ya maliwali wote. Mwaka 12 KK akawa kuhani mkuu.

Angalia kwamba hakubuni cheo. Kila nguvu aliyoishika ilikuwepo enzi za jamhuri. Zote zilitungwa zikae kwa watu tofauti, kwa muda mfupi, ili zizuiane. Aliziunganisha katika mtu mmoja na kuondoa tarehe ya mwisho. Mfalme alikataa kuitwa, udikteta aliukataa, akapendelea kuitwa raia wa kwanza. Katika maelezo ya matendo yake, ambayo nakala yake bado inasomeka kwenye kuta za hekalu mjini Ankara, Uturuki, anasema aliwazidi wote kwa heshima aliyokuwa nayo, ila hakuwa na madaraka zaidi ya wenzake katika kila cheo. Ukichukua cheo kimoja kimoja, sentensi hiyo inasimama. Ukivijumlisha, haisimami.

Na lile tatizo la askari, ndiye aliyelimaliza. Alipunguza jeshi kutoka lejioni kama 60 hadi 28. Kwa hesabu yake mwenyewe alitumia sesterti (sarafu za Kirumi) milioni 600 kununua ardhi ya wastaafu Italia na milioni 260 majimboni, safari hii akiwalipa wenyewe badala ya kuwafukuza. Mwaka 6 BK akaanzisha hazina ya jeshi, akaweka humo sesterti milioni 170 zake, na kuitengea kodi ya asilimia 5 kwenye mirathi na asilimia 1 kwenye minada. Askari akamaliza miaka 20 akijua atapata sesterti 12,000. Kwangu mimi hiyo hazina ni muhimu kuliko mkutano wa Januari 27 KK. Lakini askari aliapa kwa jina la kaisari na akajua mafao yake yanatoka kwake.

Watu wa Roma hawakuona wanachopoteza?

Wengi waliona, wakakubali. Mtu wa miaka 50 mwaka 27 KK alikuwa ameishi na vita vya wenyewe kwa wenyewe karibu maisha yake yote. Waliokuwa na ujasiri wa kupinga walishakufa Pharsalus, Filipi au kwenye orodha za kifo.

Mwaka 22 KK kulikuwa na njaa na mafuriko. Umati ulilizingira jengo la Seneti ukatishia kulichoma na maseneta ndani wasipomfanya Augustus kuwa dikteta. Yeye alipiga goti, akalivuta toga lake toka mabegani na kuwasihi wasimlazimishe. Akakubali kusimamia chakula tu. Watu hao walikuwa raia wenye haki ya kupiga kura, na walichotaka ni mkate na amani. Nawaelewa, ingawa inauma kuwasoma.

Watu wa majimboni waliumia zaidi au walipata nafuu?

Wengi walipata nafuu, na hili wapenzi wa jamhuri hawapendi kulisikia. Chini ya jamhuri liwali alikuwa na mwaka mmoja au zaidi kidogo wa kurudisha gharama za uchaguzi wake, na watoza kodi walikuwa makampuni binafsi yaliyonunua haki ya kukusanya. Verres, liwali wa Sicily, alishitakiwa na Cicero mwaka 70 KK kwa kuiba sesterti milioni 40 za kisiwa hicho. Huyo ni mmoja aliyefikishwa mahakamani. Chini ya kaisari maliwali wa majimbo yake walipewa mshahara na walikuwa na mtu mmoja wa kumwogopa. Misri ilikuwa na hali ya pekee: haikutawaliwa na seneta, na seneta hakuruhusiwa hata kuitembelea bila idhini, kwa kuwa aliyeshika ngano ya Misri angeweza kuitia Roma njaa.

Je, huyu ndiye Kaisari wa kwenye Biblia?

Augustus ndiye aliyetoa amri ya kuandikisha watu katika Injili ya Luka. Kaisari wa wakati wa mahubiri ya Yesu ni Tiberius, aliyemrithi mwaka 14 BK, na yule ambaye Paulo alimkatia rufani ni Nero. Warumi wanaotajwa katika Sura Ar-Rum ya Qur'ani ni wa baadaye sana, wa dola la mashariki lenye makao yake Constantinople, mwanzoni mwa karne ya 7.

Mabadiliko haya yaligusa pwani ya Afrika Mashariki?

Yaliigusa kwa njia ya biashara. Misri ilipoingia mikononi mwa Augustus, safari za Bahari ya Shamu zilikua haraka. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliambiwa kwamba meli zilizokwenda India toka bandari ya Myos Hormos zilifika 120. Katika karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa bandari, na humo anaieleza pwani ya Azania, ambayo bandari yake ya mwisho ni Rhapta. Huko walinunua pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa, wakauza mikuki, mashoka na visu. Wasomi bado wanabishana Rhapta ilikuwa wapi. Wengine wanaiweka karibu na delta ya Rufiji. Jeshi la Roma halikufika.

Seneti ilifutwa lini?

Haikufutwa. Mwaka 14 BK uchaguzi wa maofisa ulihamishwa kutoka kwa raia kwenda kwa Seneti, na Seneti ikachagua ikijua matakwa ya kaisari. Makonsuli waliendelea kuteuliwa hadi karne ya 6.

Kuliwahi kutokea jaribio la kweli la kuirudisha jamhuri?

Mara moja, kwa siku mbili. Kaisari Caligula aliuawa na maofisa wa ulinzi wake tarehe 24 Januari 41 BK. Makonsuli wakaitisha Seneti kwenye kilima cha Capitolium, kilekile alikouawa Gracchus, wakajadili uhuru. Neno la siri walilowapa walinzi usiku ule lilikuwa "Uhuru". Lakini mjadala ulipoendelea, maseneta kadhaa walianza kujitaja wao wenyewe kuwa warithi.

Huku nyuma askari wa ulinzi wa ikulu walimkuta Claudius, mjomba wa marehemu, amejificha nyuma ya pazia. Wakambeba hadi kambini kwao. Aliwaahidi sesterti 15,000 kila mmoja, naye akawa kaisari wa kwanza kuununua utii wao waziwazi. Kulipokucha, hata vikosi vya mji vilivyokuwa vikiilinda Seneti vilihamia kambini kwa Claudius. Maseneta wakakutana tena, safari hii wachache, wakampigia kura Claudius apewe madaraka yote aliyokuwa nayo Augustus.